Mwanangu, wapo wanaousoma ukurasa wako

Mwanangu Neema,

Marahaba. Huku Moshi hatujambo, ila baridi ya mwaka huu haina huruma. Nimeona nikuandikie barua kabisa, maana meseji zangu siku hizi unazijibu kwa kidole gumba tu.

Wiki hii alikuja hapa kibandani mama mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, anataka kutuma laki mbili na nusu haraka haraka. Mikono inamtetemeka. Kapigiwa simu na mtu anayejiita daktari wa chuo, akamtajia jina la binti yake, kozi anayosoma, mpaka jengo la hosteli analolala, kisha akamwambia mtoto ameanguka na anatakiwa kupasuliwa sasa hivi. Nikamwambia, mama, mpigie mwanao kwanza. Mara ya kwanza haikupokelewa. Mara ya pili binti akapokea, yuko kantini anakula chipsi.

Sisi mawakala simu hizi tunazijua, ni ndugu wa zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii". Lakini hii ilikuwa imeshonwa vizuri, na uzi wote alitoa binti mwenyewe. Siku aliyopokea kitambulisho cha chuo alikipiga picha akakiweka hadharani. Akaweka na video ya chumba chake, mlango na namba yake vinaonekana. Namba ya mama yake ipo Facebook, kwenye tangazo la vitenge alilomsaidia kuandika.

Jioni nikafungua ukurasa wako nikausoma kama mtu asiyekufahamu. Tarehe ya kuzaliwa ipo, na mwaka wake. Sekondari uliyosoma ipo. Mdogo wako yupo na sare, nembo ya shule inasomeka vizuri. Kila kimoja peke yake hakina neno. Vikikusanywa, mtu ananipigia mimi na kuniita Mama Neema kama tumelelewa pamoja.

Kwa hiyo kabla ya Jumapili kaa chini na simu yako. Kwenye WhatsApp, picha na maelezo yako vionwe na wale uliowahifadhi tu, maana katika hayo makundi ya kozi kila mtu anaiona namba yako. Weka uthibitishaji wa hatua mbili, ile PIN ya tarakimu 6, na namba ya uthibitisho inayokuja kwa meseji usimpe mtu, hata akijiita CR, kiongozi wa darasa lenu. Facebook wana mahali pa kuzifungia posti zote za zamani kwa mara moja ziwe za marafiki tu. Patumie. Zile za kidato cha pili nimezisoma, nimecheka peke yangu, lakini si lazima kila mtu acheke. Washa pia ile ya kukagua picha unazotagiwa kabla hazijatokea kwako. Piga *106# uone kama kuna laini usiyoijua imesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Meseji ya kitapeli ikikujia, itume kwenda 15040, TCRA, wale wa mamlaka ya mawasiliano, wanaipokea.

Ila usidhani ukifunga akaunti umemaliza. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kiliwafutia nafasi vijana wasiopungua 10 ambao tayari walikuwa wamekubaliwa, kwa sababu ya mizaha michafu waliyokuwa wakirushiana kwenye kundi la Facebook. Kundi lenyewe lilikuwa la faragha. Skrinshoti haina mlinzi, mwanangu.

Na mtu akikuomba picha ya kuona yeye peke yake, kataa. Akinuna, anune. Kama ipo ambayo tayari imekwenda na mtu anakutishia nayo, usimlipe hata shilingi na usifute mazungumzo, njoo kwangu kwanza. Sitapiga kelele. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo, na polisi nitakwenda na wewe mwenyewe.

Sasa la bibi yako, ambalo limenikaa rohoni. Alipolazwa, picha yake akiwa na dripu, kanga imemporomoka begani, ilikuwa kwenye status za watu kabla baba yako hajafika hospitali. Walioweka walikuwa wanamwombea, sikatai. Lakini bibi yako ni mtu asiyekubali kupigwa picha bila kujifunga kilemba. Nani alimwuliza? Na misiba ndivyo inavyokwenda sasa: mtu anajua mzazi wake amefariki kwa kuona mshumaa na "pumzika kwa amani" kwenye status ya jirani, yeye mwenyewe yuko kwenye daladala. Wewe usiwe wa kwanza kutangaza msiba wa mtu, hata kama habari umeipata mapema. Tangu 2022 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini kwa bibi yako sihitaji sheria.

Sikuambii ujifiche. Zile video zako za kitalu cha nyanya, ile hasa unayoonyesha jinsi ya kuondoa machipukizi ya pembeni, ziache wazi kwa dunia nzima. Weka jina lako kamili na kwamba unasoma kilimo SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine. Siku mwenye shamba anatafuta mtu wa kumsimamia kazi akaandika jina lako kwenye Google, nataka akutane na mikono yako kwenye udongo, siyo ule ugomvi wa Simba na Yanga ulioandika saa nane usiku. (Na Yanga wenyewe walikuwa wamefungwa kihalali.)

Jambo la mwisho: tuwe na swali letu. Mtu akinipigia kusema unaumwa, nitamwambia akuulize jina la yule ng'ombe aliyemkimbiza babu yako mpaka mtoni. Jibu usiliandike popote.

Jumamosi nakutumia ndizi mshare na unga kwa basi. Ndizi nimekata mbichi kabisa ili zisiharibikie njiani, na nusu yake mpe mwenzako wa chumbani.

Mama yako