Hata senti kwenye ndoo: barua ya wazi kwa vijana wetu waliokuja Beale Street

Wanangu,

Hamnijui, na siku ile sikutaka mnijue. Mimi ndiye yule mzee wa kofia ya kiua aliyekuwa benchini pale Handy Park, kwenye mtaa wa Beale Street, Memphis, Marekani, Jumamosi moja ya mwezi uliopita, akibangua karanga. Mlikuwa saba, na kamera mbili na ile taa yenu ya mviringo. Mlikuwa mkizungumza Kiswahili, cha Dar, cha Nairobi, na kingine chenye lafudhi ya Bukavu, kwa sauti ya watu wanaodhani hakuna anayewaelewa. Nilifurahi. Mji huu nimekuja kumtembelea binti yangu, na mchana kutwa sina wa kupiga naye soga. Nilikuwa nimeshaanza kuinuka niwapokee shikamoo zenu nikamsikia mmoja akisema: "Huyo babu asogee, anaziba bango." Mwenzake akajibu: "Muache, anapendezesha picha."

Babu mwenyewe si mimi. Ni yule mpiga gitaa aliyekaa kwenye kreti, na kipaza sauti chake kidogo na ndoo ya plastiki miguuni. Mkafungulia spika yenu mkamfunika. Mkacheza mbele yake mara nne, maana kila mara kulikuwa na mmoja anayekosea. Yeye akalaza gitaa mapajani akangoja, kama mtu aliyejibanza barazani akingoja mvua ipite. Mlipomaliza mkakusanya vitu vyenu mkaenda kula mbavu za kuchoma. Ndoo ilikuwa hatua mbili kutoka mliposimama. Hakuna aliyetia hata senti.

Kutunza mmekusahau, au hamkufundishwa? Kwetu Tanga, usiku wa taarabu, nimewaona bibi zenu wakiinuka kwa madaha, noti imebanwa kati ya vidole viwili, mwendo wenyewe nusu saa kutoka kitini hadi kwa mwimbaji. Nyumbani pengine hakuna mafuta ya taa. Lakini beti imemgusa, na asiyekuwa na noti ataazima kwa jirani. Ile haikuwa sadaka. Ilikuwa kumwambia mtu: neno lako limenifika, na sitaki kuondoka na deni.

Nayasema haya kama mtu aliyekula kwa gitaa. Nilipiga rizimu katika bendi ya dansi miaka ya sabini. Bendi zetu tulizipenda ziitwe Jazz: Tanga palikuwa na Atomic Jazz, palikuwa na Jamhuri Jazz, na jazi yenyewe ya Marekani hatukuipiga, tulipiga rumba na mambo yetu. Jina lilivuka bahari peke yake. Kwa hiyo nilipofika huku nilisema nitakwenda kuuona huu mtaa wenye sifa ya muziki. Nimeusoma kidogo, nimeutembea sana. Nisikilizeni sasa, maana video yenu nimeionyeshwa na mjukuu wangu, na chini yake mmeandika kuwa hapa ndipo "Handy alipobuni bluzi", ule muziki wa watu weusi wa huku. Mmekosea, na kosa lenyewe si dogo.

Anzeni na ardhi. Mwaka 1878 homa ya manjano iliingia Memphis ikaua watu zaidi ya 5,000. Wenye uwezo wakakimbia, mji ukafilisika. Robert Church, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani, hakukimbia. Alinunua viwanja wakati wengine wanavitupa, na mwaka 1899 akafungua bustani na ukumbi hapo hapo Beale, kwa sababu bustani za mji hazikuwataka watu weusi. Sheria za ubaguzi zikakusanya kila kitu mtaa mmoja: daktari, fundi cherehani, kanisa, kilabu cha pombe, duka la rehani ambako gitaa linaingia Jumatatu na kukombolewa Ijumaa. Ida B. Wells alikuwa mwandishi wa gazeti katika mji huu. Mwaka 1892 aliandika kuhusu marafiki zake watatu waliouawa na kundi la wazungu, na mtambo wa gazeti lake ukavunjwavunjwa. Mtaa wenye raha ulikuwa na hayo ndani yake. Msiufanye kuwa wa taa za rangi tu.

Sasa Handy, ambaye sanamu yake mliipandia. Ndiyo, niliwaona.

William Christopher Handy alikuwa mpiga tarumbeta msomi, mtoto wa mchungaji, mzaliwa wa Alabama, anayejua kuandika noti. Hadithi aliisimulia mwenyewe: kama mwaka 1903, akisubiri treni usiku kwenye kituo cha Tutwiler, Mississippi, alisinzia. Akaamshwa na mtu aliyevaa matambara, vidole vya miguu vinachungulia kwenye viatu, anapiga gitaa kwa kukandamiza kisu kwenye nyuzi, na kurudia mstari mmoja mara tatu kuhusu mahali ambapo njia mbili za reli hukatana. Handy akasema ule ulikuwa muziki wa ajabu kuliko wote aliopata kuusikia. Akauchukua, akaupangia ala, akauandika, akaupeleka mjini. Kwa hilo nampa heshima yake yote. Lakini mtu wa kisu hana jina. Hakuna mahali lilipoandikwa. Mnaposema Handy ndiye aliyebuni, mnamzika yule mtu mara ya pili.

Na bado. Mwaka 1909 bendi ya Handy ilikodiwa kwenye kampeni ya E. H. Crump, aliyetaka umeya wa Memphis, na Handy akatunga kipande kwa ajili hiyo. Watu wakakipenda kuliko mgombea. Mwaka 1912 akakichapisha kwa jina la "The Memphis Blues", kisha akauza haki zake zote kwa fedha isiyozidi dola 100. Wimbo ukazunguka Marekani nzima, ukatajirisha wengine, na mwenyewe akawa anausikia barabarani kama mpita njia. Haki zilimrudia mwaka 1940. Hesabuni: miaka 28. Mtoto aliyezaliwa siku ya kuuza alikuwa ameshaoa.

Hapo ndipo mimi ninapopata hasira, nisameheni. Mwaka 1974 tuliingia studio, bendi nzima, tukarekodi nyimbo nne kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Mmoja ulikuwa wangu, maneno na sauti, nimeutunga nikiwa na homa. Nikawekewa karatasi. Nilikuwa najua kusoma, tena vizuri, lakini njaa haisomi. Nikatia saini, nikapewa shilingi sitini na soda. Wimbo ule umepigwa harusini, umepigwa redioni, umepigwa kwenye simu za watu wakipigiwa. Mwaka juzi niliusikia ndani ya basi la kwenda Lushoto. Kijana aliyekaa kando yangu alikuwa anauimba neno kwa neno, nikamwambia ule ni wangu. Akanitazama kwa huruma, akasogea dirishani.

Sikumlaumu. Nilijilaumu mimi. Sasa nasikia nyinyi mnatia saini kwa kubonyeza kidole kwenye simu, kurasa arobaini, bila hata kukaa chini! Handy baada ya kuumia alifanya jambo la maana: alishirikiana na Harry Pace, wakaanzisha kampuni yao ya kuchapisha nyimbo hapa hapa Memphis, wakaihamishia New York mwaka 1918. "St. Louis Blues" ya mwaka 1914 hakuiuza. Ilimlisha mpaka alipofariki mwaka 1958. Mtu yule yule, kalamu ile ile. Tofauti ni karatasi. Kwa hiyo someni mkataba. Msioelewa, pelekeni kwa anayeelewa. Anayekuharakisha utie saini leo leo ana sababu yake. Andikeni nani katunga nini kabla hamjaingia studio, wakati bado mnapendana.

Mengine nayataja tu. Tengenezeni nyuzi kabla ya kupanda jukwaani, si juu yake. Jifunzeni ala moja mpaka ikuchoshe. Mshirika wa sauti ya pili naye ana jina. Pombe iwe baada ya kazi. Pigieni mama zenu.

Lakini nirudi kwenye ndoo, maana haijanitoka. Mnamjua Furry Lewis? Alipoteza mguu akirukia treni, akapiga gitaa Beale, akarekodi sahani mwishoni mwa miaka ya 1920. Sahani hazikumlisha. Akaajiriwa na manispaa ya Memphis kufagia mitaa, na kazi hiyo akaifanya zaidi ya miaka arobaini, na mguu wake wa bandia, akifagia na Beale ile ile. Watu walimpita na ufagio wake bila kujua ni nani. Mwaka 1975, akiwa kizee, aliitwa kufungua onyesho la Rolling Stones, bendi maarufu ya Waingereza, hapa mjini. Na Memphis Minnie, binti aliyetoroka kwao akaja kupiga gitaa mtaa huu akiwa bado mtoto, akawashinda wanaume kwa vidole: yeye na mumewe Joe McCoy walirekodi "When the Levee Breaks" mwaka 1929, na dunia ikaja kuujua zaidi kwa bendi ya Waingereza, Led Zeppelin, mwaka 1971. Minnie alifariki mwaka 1973. Kaburi lake lilikaa bila jiwe mpaka 1996, na aliyelipia jiwe ni mwanamuziki mwenzake, Bonnie Raitt.

Msinicheke nikisema sisi ni wabaya zaidi. Mwanamuziki akiugua kwetu, simu hazishikiki. Akifa, tunashona sare, tunakodi maturubai, wakubwa wanagombea kipaza sauti kumsifu, na pesa za jeneza zingemnunulia dawa miaka miwili. Nimezika wenzangu wanne namna hiyo, na kwenye msiba wa tatu nilikuwa mweka hazina, kwa hiyo hesabu naijua.

Na miji nayo hufanya hivyo hivyo kwa mitaa. Machi 28, 1968, Martin Luther King aliongoza maandamano ya wazoa taka waliogoma, wakapita Beale. Vioo vikavunjwa, polisi wakashambulia, kijana wa miaka 16 akauawa. Wiki moja baadaye King mwenyewe akapigwa risasi, mwendo mfupi kutoka hapo. Kisha serikali ikaleta kile walichokiita kuufanya mji upya: miaka michache tu baada ya mtaa kutangazwa alama ya historia ya taifa mwaka 1966, nyumba na maduka pembezoni mwake yakabomolewa, watu wakatawanywa, na Beale ikabaki kama meno ya bibi. Mwaka 1977 Bunge la Marekani likautangaza kuwa nyumba ya bluzi. Nyumba, wakati wenye nyumba wameshaondolewa! Ukafunguliwa tena mwaka 1983 kwa ajili ya wageni. Kuna jengo moja pale, mlilipita: uso wake wa matofali umesimama mzuri, madirisha yote, ila nyuma umeshikiliwa na vyuma na ndani hakuna kitu, anga tupu. Nilikaa nikilitazama mpaka karanga zikaisha.

Sisemi mtaa umekufa. B. B. King alifika hapa kijana wa shamba la pamba, akapata dakika zake kwenye redio ya WDIA mwishoni mwa miaka ya 1940, wakamwita Beale Street Blues Boy, yaani kijana wa bluzi wa Beale Street, na herufi mbili za jina lake zimetoka humo. Palace Theatre ilikuwa na usiku wa wasanii chipukizi, hadhira ikikuchoka unajua hapo hapo. Watu walijifunza kwa kusimama karibu na aliyewazidi na kunyamaza. Nyinyi mlisimama karibu. Lililobaki ni dogo.

Mlipoondoka nilikwenda pale kwenye kreti. Nikatia kwenye ndoo nilichokuwa nacho, nikamwomba gitaa. Vidole vyangu vimekuwa vigumu, lakini nilimpigia rizimu ya Tanga kidogo, akacheka, akaingiza solo juu yake kama tuliofanya mazoezi tangu mwaka juzi. Kisha akaniuliza wale watoto waliimba kwa lugha gani, na wimbo unasemaje. Nikamwambia ni lugha yetu. Maneno nilishindwa kumtafsiria, nikasema ni mambo ya mapenzi. Kwa kweli ulikuwa wa gari.

Huja Jumamosi kama saa kumi na moja jioni, upande wenye kivuli, mvua isiponyesha. Ameniomba niwaambie kitu kimoja, na ndiyo hasa iliyonifanya niandike: ile picha mliyompiga, angependa nakala. Binti yake anazikusanya.

Babu yenu,
Memphis