Jibu la swali lako kuhusu Shirikisho la Kusini

Kwako somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie wewe, baba watoto na wanangu wote. Sisi huku wazima, alhamdulillahi.

Umeniandikia kwamba mgeni wenu alishikilia kuwa majimbo ya kusini ya Marekani yalijitenga kutetea haki ya kila jimbo kujiamulia mambo yake, na kwamba utumwa ulikuwa jambo la pembeni tu. Ukaniuliza ungemjibu nini. Mimi ningemwomba asome waliyoyaandika wenyewe.

South Carolina ilitangulia kutoka, tarehe 20 Desemba 1860, baada ya Abraham Lincoln kushinda uchaguzi. Lincoln hakuwa ameahidi kufuta utumwa kule ulikokuwapo. Alichokataa ni kuenezwa kwake kwenye maeneo mapya ya magharibi, na hilo peke yake likawatosha. Mississippi ilipofuata Januari 1861, ilitangaza waziwazi kwamba msimamo wake umefungamana kabisa na utumwa. Na lile tamko la South Carolina, somo yangu, ndilo linalonichoma zaidi. Linalalamika kwamba majimbo ya kaskazini yametunga sheria za kuzuia watumwa waliotoroka wasirudishwe kwa mabwana zao. Kumbe jimbo la kaskazini likijiamulia mambo yake, hiyo ni sababu ya kuvunja muungano! Haki ya jimbo imekwenda wapi hapo?

Tarehe 4 Februari 1861 wajumbe wa majimbo yaliyojitenga walikutana Montgomery, Alabama, kuunda Shirikisho lao la Kusini. Kwa siku chache tu walikuwa wameshapata katiba ya muda na rais, Jefferson Davis, mwenye shamba la pamba na watumwa kule Mississippi. Katiba ya kudumu waliipitisha Machi 11. Sehemu kubwa waliinakili kutoka ile ya Marekani. Waliongeza muhula mmoja wa rais wa miaka 6 na mengine madogo madogo, lakini penye utumwa kalamu yao haikusita: bunge lisitunge sheria yoyote ya kupunguza haki ya kumiliki watumwa weusi, na kila eneo jipya litakalopatikana lazima liutambue utumwa. Siku 10 baadaye makamu wa rais, Alexander Stephens, akahutubia Savannah na kusema jiwe la msingi la serikali yao ni kwamba mtu mweusi si sawa na mtu mweupe. Baada ya kusoma hayo sijui mtu anatafuta ushahidi gani mwingine.

Baada ya vita na kaskazini kuanza Aprili kwenye ngome ya Sumter, majimbo ya Shirikisho yakafika 11 na mji mkuu ukahamia Richmond. Watu wa Shirikisho walikuwa kama milioni 9, na milioni 3.5 kati yao walikuwa watumwa. Hao hakuna aliyewauliza wanataka serikali gani.

Serikali hiyo ya haki za majimbo ndiyo iliyoanza kuandikisha wanaume jeshini kwa lazima mwaka 1862, kisha ikamsamehe mzungu mmoja kwa kila shamba lenye watumwa 20. Maskini waliona ni vita vya tajiri. Aprili 1863 wanawake wa Richmond walivunja maduka wakidai mkate. Mahakama kuu iliyotajwa kwenye katiba haikuundwa kamwe, na hakuna taifa lolote la nje lililowatambua, ingawa walitumaini pamba yao ingezilazimisha Uingereza na Ufaransa. Uhaba wa pamba ulifika hata Unguja: merikani iliyoletwa na wafanyabiashara wa Salem, mji wa Marekani, iliadimika, nguo za Uingereza na Bombay zikachukua nafasi yake.

Lakini mwambie mgeni habari za Robert Smalls. Alikuwa mtumwa, mshika usukani wa Planter, meli ya jeshi la Shirikisho, bandarini Charleston, South Carolina. Mei 1862, maofisa wazungu wakiwa wamelala nchi kavu, alivaa kofia ya nahodha, akawachukua mkewe na watoto, akapita mbele ya ngome akipiga ishara zote zinazotakiwa, hadi kwenye meli za Muungano, yaani za upande wa kaskazini. Baadaye akawa mbunge wa Marekani.

Mwanzoni mwa 1865, wakiwa wameishiwa askari, watawala wa Shirikisho walikuwa wakijadili kuwapa watumwa bunduki. Jenerali wao Howell Cobb akaandika kwamba watumwa wakiwa askari wazuri, basi nadharia yao yote ya utumwa ni kosa. Machi sheria ikapita, kwa kuchelewa mno. Tarehe 3 Aprili Richmond ilitekwa, na miongoni mwa askari wa Muungano walioingia mjini walikuwamo weusi. Davis alikamatwa Georgia Mei 10.

Akija tena, mpe barua hii aisome mwenyewe, kisha uniandikie alivyojibu. Nisalimie mama mkwe.

Wako akupendaye,
Somo yako