Malalamiko kuhusu mashine ya kukatia marumaru isiyofaa kazi niliyowaeleza

Igogo,
Mwanza.
10 Julai 2025

Meneja,
Duka la Vifaa vya Ujenzi,
Mwanza Mjini.

Ndugu Meneja,

YAH: MASHINE YA KUKATIA MARUMARU KWA MAJI NILIYONUNUA DUKANI KWENU TAREHE 14 JUNI 2025

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Igogo. Siku ya Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, nilinunua dukani kwenu mashine ya kukatia marumaru kwa maji kwa bei ya shilingi 690,000 na nikapewa risiti ya EFD (ya mashine ya kielektroniki ya kodi), ambayo nakala yake nimeiambatanisha. Ninawaandikia kwa sababu mashine hiyo imeshindwa kazi niliyoieleza kinagaubaga kwa muuzaji wenu kabla sijalipa, na kwa sababu ya jambo zito zaidi ya hilo: plagi ambayo ninyi wenyewe mliifunga pale kaunta ilimfanya fundi wangu apigwe shoti akiwa amesimama kwenye sakafu iliyolowa maji.

Naomba nianze na namna nilivyoichagua mashine hiyo, maana jibu nililopewa nilipoirudisha lilikuwa kwamba mteja ndiye aliyechagua vibaya.

Nyumba yangu iko upande wa mlimani, ambako gari huishia chini na kila kitu hupandishwa mabegani kati ya mawe. Kama nyumba nyingi za huku kwetu, ukuta wa nyuma umeegemea jabali, na sehemu ya jabali hilo imejitokeza ndani ya chumba cha mwisho kwa kiasi cha mkono mmoja. Marumaru zinazofika pale hazikatwi kwa mstari ulionyooka peke yake. Nyingine hukatwa kona, nyingine kwa umbo la herufi L, na mbili au tatu hufuata mbavu za jiwe lenyewe. Kikatio cha mkono, kile kinachokwaruza kigae kisha kukivunja, hakiwezi kazi hiyo. Grainda inaiweza, lakini grainda isiyo na maji huijaza nyumba vumbi, na vumbi la posilini, yaani marumaru ngumu za aina yangu, lina silika, madini yaliyomo pia kwenye mchanga, ambayo mtu akiivuta kwa muda mrefu humpa ugonjwa wa mapafu usio na tiba. Mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 84, ana pumu na analala chumba cha pili kutoka hapo. Kwa hiyo niliamua kutafuta mashine inayokata kwa maji, nikaweka akiba miezi saba, na sikuja dukani kwenu kwa kubahatisha.

Nilikuja na karatasi. Niliandika kwamba marumaru zangu ni za posilini, sentimita 60 kwa 60, unene wa milimita 10. Kwamba sebule na vyumba vitawekwa kwa mpangilio wa kawaida, lakini veranda inayotazama ziwa itawekwa kwa mshazari. Na kwamba kuna jabali. Muuzaji wenu, kijana mwenye adabu ambaye sina ugomvi naye, aliisoma karatasi yote mbele yangu, akanionyesha mashine ambayo mota yake hutembea juu ya reli, akasema: "Mama, hii inakata zote hizo, wala usiwe na wasiwasi." Nilimuuliza kuhusu diski, akajibu kwamba iliyomo ndani ya boksi inafaa, na kwamba itakapoisha, diski yoyote ya grainda kubwa itaingia. Niliyaamini maneno hayo. Mtu anapoingia duka linalouza vifaa vya ujenzi kila siku, akaeleza kazi yake kwa maandishi, anayo haki ya kulitegemea neno la muuzaji.

Neno la kwanza lilianguka siku ya pili ya kazi. Boksi limeandikwa kwamba urefu wa kukata ni milimita 600, lakini kinga ya diski hugota mwisho wa reli kabla diski haijamaliza marumaru, na hubaki kipande cha sentimita mbili hivi ambacho hakijakatwa. Fundi alilazimika kugeuza marumaru na kuikata tena kutoka upande wa pili, na kila mara mikato miwili ilipokutana iliacha ngazi ndogo, ya milimita moja au mbili, ambayo grauti, ile saruji ya kujazia nafasi kati ya marumaru, haiwezi kuificha katikati ya mlango wa sebule. Hiyo ni mikato iliyonyooka. Kuhusu mshazari hakuna hata la kujadili: kutoka pembe hadi pembe, marumaru ya sentimita 60 kwa 60 ina karibu sentimita 85. Kanuni ya Pithagorasi niliifundisha miaka mingi, na muuzaji wa mashine za kukatia marumaru anapaswa kuijua tarakimu hiyo kama anavyojua bei ya saruji, kwa sababu ndiyo inayoamua kama mteja aondoke na mashine hii au ile ndefu zaidi. Zipo mashine za aina hiyo hiyo zenye urefu wa kukata wa milimita 900 na nyingine wa milimita 1,200. Hakuna aliyenitajia mojawapo.

Neno la pili lilikuwa diski. Picha iliyo juu ya boksi inaonyesha diski ya almasi yenye ukingo mzima, usio na mapengo, ambayo ndiyo inayofaa kwa posilini na marumaru nyingine ngumu zinazometa, kwa kuwa inakata polepole lakini inaacha ukingo safi. Iliyokuwemo ndani ilikuwa ya mapengo, ile inayotumika kwa zege na mawe ya kutandika nje. Kila marumaru iliyopita chini yake ilimeguka ngozi ya juu. Nimebaki na kipande kimoja hapa mezani ninapoandika: ule weupe wa juu umeliwa kama ukingo wa sahani ya kale, na chini yake unaonekana udongo wa kijivu. Vipande 12 viliharibika kabla fundi hajaniita na kuniambia kwamba tatizo si mkono wake. Nilikwenda kununua diski sahihi mahali pengine, na hapo nikagundua kwamba hata lile la "diski yoyote ya grainda" halikuwa kweli, kwa sababu tundu la diski za grainda ni milimita 22.2, wakati ekseli ya mashine hii ni ya milimita 25.4.

Sasa nafikia jambo ambalo, hata kama mengine yote yangekuwa sawa, lisingeniruhusu kunyamaza.

Mashine ilitoka kiwandani ikiwa na plagi ya miguu miwili ya duara, isiyoingia kwenye soketi zetu. Kijana wenu wa stoo aliikata kwa koleo mbele yangu, akafunga plagi ya miguu mitatu, na nikamshukuru kwa kunisaidia. Alasiri ya tarehe 19 Juni fundi alikuwa akikata kipande cha herufi L karibu na jabali. Trei ilikuwa imejaa, maji yalikuwa yakirukia sakafuni, naye alikuwa amevaa kandambili. Ghafla aliinua mkono kutoka kwenye meza ya mashine, akautazama, akasema anahisi kama sisimizi wanamtembea kiganjani. Aliugusa tena mguu wa mashine kwa mgongo wa kidole, na safari hii alirushwa nyuma hatua nzima. Nilikimbia nikazima swichi kuu ya nyumba. Namshukuru Mungu kwamba hakuangukia mashine na kwamba diski ilikuwa imeinuliwa.

Fundi umeme niliyemwita jioni ile aliifungua plagi mbele yetu sote. Waya wa mashine una nyaya tatu ndani yake: wa kahawia, wa bluu, na wa kijani wenye mstari wa njano, ambao ndio wa ethi, yaani wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Wa kahawia na wa bluu zilikuwa zimefungwa mahali pake. Wa kijani na njano ulikuwa umekatwa mfupi na kukunjwa nyuma chini ya ganda, na skrubu ya ethi haikuguswa kabisa. Mashine ya chuma, yenye umeme wa volti 230, inayorusha maji kwa saa nzima, iliuzwa kwa mwalimu mstaafu ikiwa haina ethi, na aliyefanya hivyo ni mfanyakazi wenu akiwa kazini. Unyevu ulipoingia kwenye mota, umeme ulikosa njia ya kwenda ardhini isipokuwa kupitia mwili wa fundi. Picha tatu za plagi hiyo ikiwa wazi nimeziambatanisha, na plagi yenyewe nimeihifadhi kama ilivyokutwa.

Tarehe 21 Juni niliirudisha mashine. Ina uzito unaozidi kilo 30, hivyo niliwalipa vijana wawili waishushe kwenye ngazi za mawe, kisha bajaji hadi mjini. Msimamizi aliyenipokea alinionyesha tangazo la ukutani lisemalo bidhaa ikishauzwa hairudishwi, akasema mashine imeshatumika, akasema pia kwamba pampu imeziba kwa sababu tumetumia maji ya ziwani. Nilirudi nayo nyumbani siku hiyo hiyo, mlimani.

Kuhusu pampu nitasema kwa haki. Maji yalikuwa ya bomba, lakini ni kweli kwamba tope la marumaru liliachwa kwenye trei hadi siku ya tatu, na tope hilo ndilo huziba pampu za namna hii. Laiti kijitabu cha maelekezo kingekuwa kwa Kiswahili au hata Kiingereza, tungejua kwamba maji hubadilishwa mara kwa mara. Hata hivyo fundi aliisafisha kwa mswaki na inafanya kazi, na sidai chochote kwa ajili yake. Nimelitaja ili muone kwamba sitafuti kuwatwika kila kasoro.

Tangazo la ukutani haliwezi kufuta wajibu uliowekwa na sheria za nchi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inatambua kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji matumizi anayoyakusudia, na akautegemea ujuzi wa muuzaji huyo, bidhaa inapaswa kufaa kwa matumizi hayo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji katika biashara. Karatasi niliyompa muuzaji wenu ninayo bado, na nyuma yake ameandika kwa mkono wake bei pamoja na modeli ya mashine.

Ninachoomba ni hiki. Mnirudishie shilingi 690,000 nilizolipa, au mnibadilishie kwa mashine yenye urefu wa kukata usiopungua milimita 900, yenye diski ya ukingo mzima, na ambayo ethi yake imepimwa kwa kipima umeme mbele yangu. Ikiwa bei yake ni kubwa zaidi, tofauti nitailipa mimi. Pamoja na hilo, mnilipe shilingi 232,000, yaani shilingi 126,000 za maboksi matatu ya marumaru zilizomeguka, shilingi 70,000 nilizomlipa fundi kwa siku mbili alizokaa bila kazi, na shilingi 36,000 za bajaji na wabebaji, kwenda na kurudi. Risiti za marumaru na hati ya fundi zimo ndani ya bahasha. Sidai kitu kwa ajili ya hofu tuliyoipata, ingawa mama yangu hakulala usiku ule.

Ombi la mwisho halihusu fedha zangu. Nilipokuwa nikisubiri msimamizi siku ile, niliona mashine nyingine nne za aina hiyo hiyo zikiwa zimepangwa karibu na mlango, mbili zikiwa tayari zimebadilishwa plagi. Naomba plagi hizo zifunguliwe leo hii, kabla ya jambo lingine lolote lililomo katika barua hii kushughulikiwa, na wateja waliokwisha kuuziwa wapigiwe simu, kwa kuwa fomu zenu za mauzo zina namba zao. Baadhi yao watakuwa wanakata marumaru wakati huu mnaposoma, miguu yao ikiwa ndani ya maji.

Nitasubiri majibu yenu ya maandishi hadi Alhamisi tarehe 24 Julai 2025. Baada ya hapo nitapeleka suala la malipo Tume ya Ushindani, na suala la plagi Shirika la Viwango Tanzania, nikiwa na viambatisho vyote. Mashine iko sebuleni kwangu, imefunikwa kwa turubai, na mtaalamu wenu anakaribishwa kuja kuikagua siku yoyote ya wiki kuanzia saa tatu asubuhi. Akifika chini barabarani anipigie, nitamtuma kijana wa kumwonyesha njia ya kupanda.

Wenu mteja,

(Sahihi)

Jina langu kamili na namba ya simu ni kama vilivyo kwenye fomu ya mauzo ya tarehe 14 Juni 2025.