Ifuteni ile "Maji ni Uhai": barua kwa vijana wasimulizi

Wajukuu zangu,

Nasikia mnafanya mazoezi ya ngano za Uajemi, na ukutani mmebandika kwa herufi kubwa: MAJI NI UHAI. Ibandueni. Si uongo, lakini hilo hata samaki analijua.

Anzeni na farasi. Katika Avesta, maandiko ya Wazoroasta, Tishtrya, mwenye nyota ya Sirius na mvua, anashuka kwenye bahari ya Vourukasha kwa umbo la farasi mweupe mwenye masikio ya dhahabu. Anamkuta Apaosha, jini la ukame: farasi mweusi, masikio kipara, mgongo kipara, mkia kipara. Wanapigana siku tatu, usiku na mchana, na mweupe anashindwa. Anakimbia akilia kwa Ahura Mazda, mungu mkuu wa Wazoroasta, kwamba watu hawakumtaja kwenye ibada zao. Ahura Mazda mwenyewe ndiye anayemtolea sadaka, naye anapata nguvu za farasi kumi, ngamia kumi, fahali kumi, milima kumi na mito kumi. Ndipo anaporudi, na adhuhuri ukame unatimuliwa. Ninyi, nawajua, mtaukimbilia ushindi. Kaeni kwanza pale penye kilio: mvua imekwama kwa sababu watu wamesahau deni lao.

Deni hilo nililikuta tena katika desturi ya baadhi ya vijiji vya Iran ya kati. Kanati, ule mfereji unaochimbwa chini ya ardhi kuleta maji kutoka mlimani, maji yake yakipungua, wazee walikuwa wakiuoza mke. Mjane alifungishwa ndoa na mfereji, akapewa posho ya ngano, naye akawa anakwenda kuoga ndani yake. Mkicheka, chekeni, mradi huyo mjane msimfanye kichekesho jukwaani.

Iskandar naye, yule Aleksanda Mkuu, msimfanye mwovu. Kwa Ferdowsi, mshairi wa Kiajemi aliyetunga Shahnama, anaingia gizani kutafuta maji ya uzima akiwa na vito viwili vinavyong'aa vikikaribia maji. Kimoja anampa Khezr, ambaye huku kwetu tunamwita Hidhri, atangulie. Kingine anabaki nacho. Siku ya tatu njia inagawanyika, wanapoteana. Khezr anakunywa. Mfalme, na kito chake mkononi, anarudi hivyo hivyo. Msieleze kwa nini.

Tiragan, sikukuu yao ya mwezi wa Julai ya kumwagiana maji, itajeni kwa ufupi tu. Sisi tuliooga mwaka, yaani kuoga baharini kuupokea mwaka mpya, tangu utotoni, siku tunayoiita kwa neno la Kiajemi, Nairuzi, hatuhitaji hotuba ndefu.

Na bakuli msilisahau. Iran, mtu akisafiri, wa nyumbani humwaga maji nyuma yake akishavuka mlango, ili arudi salama. Basi Iskandar akiondoka, mmoja wenu amwagie. Maji kweli, si ya kuigiza kwa mikono mitupu. Sakafu nitaipiga deki mimi.

Babu yenu