Wema mdogo jukwaani

Mhariri,

Naomba nafasi nieleze kuhusu kikao cha klabu yetu ya kuzungumza mbele ya watu. Tunafuata utaratibu wa Toastmasters, mtandao wa klabu za kujifunza kuhutubia, ulioanzishwa na Ralph Smedley huko California mwaka 1924: msemaji hupewa dakika 5 hadi 7, na taa ya kijani, ya njano, kisha nyekundu humwonyesha muda unavyokwisha.

Safari hii mada ilikuwa wema wa kila siku. Kijana mmoja alisimama akitetemeka, karatasi ikimpepea mkononi. Alisimulia jinsi mtu asiyemjua alivyokaa naye kimya kituoni, siku aliyofiwa na mama yake, mpaka basi likafika. Sauti ikamkatika. Taa nyekundu iliwaka na hakuna aliyemharakisha. Mtathmini wake, yaani mwanachama aliyepangiwa kumpa maoni, alianza kwa kutaja kilichomgusa, ndipo akamshauri awatazame watu machoni. (Kukosolewa hivyo, kwangu mimi, nako ni kutendewa wema.)

Nawasihi wenye kumbi wazifungulie klabu kama hizi jioni ambazo kumbi hazina kazi. Tunachohitaji ni viti, na muda wa saa moja na nusu tu.

Mwanachama wa klabu