Ndege wa Kameruni na swali lako

Mwanangu Zuhura,

Tunaendelea vizuri, bibi yako anakusalimu. Swali lako la juzi kwenye simu sikulijibu vizuri kwa sababu chaji ilikuwa inaisha, nami sipendi kulijibu nusunusu.

Mwalimu wenu amesema kweli: mara nyingi uteuzi wa asili, yaani wanaofaa zaidi katika mazingira kuishi na kuzaa kuliko wengine, huwapendelea wa wastani. Kichanga mwenye uzito wa kadiri, kwa mfano, huwa na nafasi nzuri ya kuishi kuliko aliye mdogo mno au mkubwa mno. Wewe ukauliza kama kuna mahali mambo hugeuka, wa wastani wakaumia na wa pande zote mbili wakastawi. Papo, tena Afrika hii hii, Kameruni.

Kule kuna ndege mdogo mwenye kichwa na kifua chekundu, kwa jina la kisayansi Pyrenestes ostrinus. Ni spishi moja, lakini midomo yao ni ya namna mbili: mipana na myembamba. Usidhani ni tofauti ya dume na jike, au ya umri. Dume wa mdomo mpana huoana na jike wa mdomo mwembamba bila kubagua. Mtafiti Mmarekani Thomas Smith aliwanasa kwa wingi, akawapima midomo, akawavisha pete miguuni na kuwaachia ili ajue nani ataonekana tena. Matokeo yake ya mwaka 1993 ndiyo ningependa uyashike.

Ndege hawa hubangua mbegu za mimea ya jamii ya ndago. Scleria goossensii ina mbegu laini, Scleria verrucosa ina mbegu ngumu kwelikweli. Mbegu laini zikiwa tele, wote wanazila hizo hizo na mdomo haumsumbui mtu. Kiangazi kikikaza, laini zinaadimika. Hapo wa mdomo mpana huhamia kwenye zile ngumu, na mwembamba hubaki na laini zilizosalia pamoja na mbegu nyingine ndogo. Sasa mfikirie kinda mwenye mdomo wa kati. Ngumu zinamchelewesha, na kwenye laini mwembamba anamzidi kasi. Makinda wa namna hiyo ndio waliokosekana zaidi Smith alipohesabu waliofika utu uzima.

Najua utaniuliza: kama wanaoana ovyo, mbona kila kizazi hakijai watoto wa kati? Hapa ndipo ninapowapenda ndege hawa. Smith aliwazalisha kizuizini akaona kuwa ukubwa wa mdomo unatawaliwa hasa na jeni moja, na aleli (toleo la jeni) ya mdomo mpana ndiyo tawala, yaani ndege akirithi hata moja tu, mdomo wake huwa mpana. Kwa hiyo baba mpana na mama mwembamba hupata watoto wapana au wembamba, na wote wanaweza kutoka kiota kimoja. Wa kati ni wachache tangu mwanzo. Mwaka 2018 watafiti waliihusisha tofauti hiyo na jeni ya IGF1, ambayo hushughulika na ukuaji wa mwili.

Kwa hiyo kwenye mtihani usichore tu mchoro wa idadi ya ndege kwa ukubwa wa mdomo, wenye vilele viwili, cha wembamba na cha wapana, ukaishia hapo. Andika mbegu gani inalisha kila kilele, maana bila mbegu vilele hivyo havina sababu ya kuwapo. Na kama una nafasi, ongeza hili: panapoota Scleria racemosa, ambayo mbegu zake ni ngumu zaidi hata ya zile za verrucosa, wapo ndege wa namna ya tatu, wenye midomo mikubwa kuliko wote.

Ni mimi mama yako