Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chumba cha Muziki, Wete

Assalaam alaykum wazee wangu, wanachama wenzangu, walimu na wanafunzi wetu.

Katika mkutano wa mwaka jana, mama mmoja ambaye mwanawe anajifunza fidla alinyanyuka akauliza: "Mwaka wa pili huu mtoto anakuja hapa. Sisi nyumbani tutamsikia lini?" Sikuwa na jibu. Sehemu kubwa ya taarifa hii ni jibu la suali lile.

Tulikuwa na desturi tuliyoirithi bila ya kuifikiri. Mwanafunzi hufungiwa chumbani na mazoezi, akapanda na kushuka maqamu (ngazi za sauti) ya Rasti na Bayati, mpaka mwalimu aseme sasa ameiva. Wengi hawakufika huko. Waliacha njiani, nasi tukasema hawana hamu. Leo nasema mbele yenu kwamba kosa lilikuwa letu. Hamu walikuja nayo, tukaikausha wenyewe.

Baada ya Idi Ndogo kamati ilikaa ikaamua: mwanafunzi akitimiza mwezi mmoja, kila Alhamisi baada ya Alasiri atakaa na kikundi, hata kama anajua sauti mbili tu. Taarab inaruhusu jambo hili kuliko watu wanavyodhani. Kundi zima hufuata lahani moja, kila ala ikaipamba kwa namna yake. Udi au kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani, hutangulia, fidla na akodiani zikajibu. Basi anayeanza tukampa majibu tu. Anapiga sauti nne au tano, ananyamaza, anawasikiliza wakubwa wanavyopita, huku vidole viko tayari kwa zamu yake. Kule kungojea kumewafunza kusikiliza kuliko darasa lolote tulilowahi kuwapa.

Na asiyeweza hata hayo majibu, tulimkabidhi sanduku. Kwa vijana waliozoea vinanda vya umeme nieleze: sanduku ndiyo besi ya kidumbak, ndugu wa taarab anayepigwa mitaani. Ni sanduku la mbao lililopinduliwa, fimbo moja na kamba moja. Ukiivuta fimbo, kamba hukaza na sauti hupanda; ukiilegeza, hushuka. Hakuna alama ya kukuonyesha sauti ilipo, ni sikio lako tu. Seremala wetu, naye ni mwanachama, alilitengeneza siku moja kwa vipande vya mbao vilivyokuwa vimelala karakanani kwake. Watoto wanaligombania. Kwa maoni yangu, hakuna kilichotufaa zaidi mwaka huu, na tulichonunua ni kamba.

Najua wapo wazee walionung'unika kwamba kidumbak ni ngoma ya mitaani, haina nafasi katika chumba cha masomo. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Taarab yenyewe ilikuwa burudani ya kasri. Wazee hutusimulia kwamba Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kanuni ili aje ampigie. Chama cha taarab cha Ikhwani Safaa walipokusanyika Unguja mwaka 1905, muziki ulitoka kasrini ukaingia chamani. Kisha akaja Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba aliyekuwa akitembeza vyungu, akaiimba kwa Kiswahili chetu, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri. Kila ulipomfikia mtu zaidi, muziki huu ulinenepa. Sioni kwa nini uishie mlangoni kwetu.

Msimu wa karafuu ulipoingia, wanafunzi walipungua, kama kawaida. Miaka iliyopita tulikuwa tukifunga chumba. Safari hii kijana mmoja wa udi alikuja kuaga: Alhamisi hatakuwapo, nyumbani kwao kuna magunia hayajachambuliwa. Mwalimu akamwambia, "Basi tutakuja sisi."

Tulikwenda baada ya Isha, na udi, fidla, dumbak (ngoma ndogo ya mkono), na sanduku begani mwa kijana mmoja. Familia nzima ilikuwa uani juu ya majamvi, karafuu upande huu, makonyo upande ule. Tulichambua kwanza, maana si adabu kukaa bure penye kazi. Kisha tukapiga nyimbo za harusi ambazo kila mtu pale anazijua. Yule kijana alikosea jibu lake mara mbili. Bibi yake, bila ya kuinua macho wala kuacha kuchambua, akamwimbia ile lahani polepole mpaka akaishika. Kumbe bibi huyu alikuwa akiimba harusini ujanani mwake. Wajukuu wenyewe hawakuwa wakijua. Majirani walisikia wakaja na taa zao, wakakaa, nao wakachambua. Kabla ya saa tano magunia yalikuwa yamekwisha.

Mama wa suali la mwaka jana alikuwako. Hakusema neno. Mwanawe alipomaliza kujibu kwa fidla, alikwenda akamtunza noti ya shilingi elfu, kama anavyotunzwa mwimbaji ukumbini. Mtoto hakujua aiweke wapi, mikono yote miwili imeshika fidla na upinde. Nimekuwa katika muziki tangu ujana wangu na sijaona tunzo iliyonigusa namna ile.

Tulikwenda nyua nyengine tatu kabla ya msimu kwisha. Bibi sasa huja kila Alhamisi kufundisha kuitikia. Wasichana sita wamejiunga kwa sababu yake.

Kuhusu chuoni, yaani madrasa: wazazi wawili walihofia masomo ya muziki yatagongana na Qur'ani. Hofu yao ni ya haki. Tumebadilisha saa za wanafunzi wanaohusika, na Ramadhani chumba hufungwa mwezi mzima.

Masika yalitutia hasara. Unyevu ulifungua gundi ya udi mmoja, na nyuzi za chuma ziliota kutu kwa hewa ya bahari. Nyuzi tulizoagiza Dar es Salaam zilikuja za gitaa, muuzaji hakukubali kuzirejesha. Fidla moja ilivunjika shingo safarini kutoka Unguja kwa sababu ilipakiwa chini ya mizigo. Kuanzia sasa ala itasafiri mkononi mwa mtu, na nauli yake tutailipa. Mhazini atawasomea hesabu.

Mwalimu wetu wa fidla anaomba ruhusa ya miezi mitatu akasome zaidi DCMA (Dhow Countries Music Academy), chuo cha muziki kilichoanzishwa Mjini Unguja mwaka 2002. Kamati inapendekeza aruhusiwe.

Limebaki moja. Mzee wetu mmoja ametupa kanuni yake iliyokaa juu ya kabati miaka mingi. Ina nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila sauti, na karibu nusu zimekatika. Ngozi iliyo chini ya daraja imepasuka. Anataka aisikie ikipigwa uani kwake msimu ujao. Mwenye kumjua fundi wa kuwamba ngozi ya samaki au ya mbuzi juu ya ala nyembamba kama hii, hapa Pemba au Unguja, anione leo kabla hatujatawanyika.

Mwenyekiti
Wete, Pemba